Projekti za ukame zinaandikiwa Kahawa West, huko mashambani hakuna aliyefika

Mhariri,

Nimekuwa nikifuata kwenye kurasa zenu haya mabishano ya kama wanafunzi wakubaliwe kutumia AI, hizi programu kama ChatGPT za kukuandikia na kukujibu, ama wakatazwe kabisa, na naona kila anayeandika ni mhadhiri ama mtu wa kompyuta ama mzazi wa Nairobi mwenye waifai kwa nyumba. Hakuna ameuliza sisi watu wa saiba, na hiyo kazi yote inapita mikononi mwetu karatasi zikiwa bado moto kutoka kwa printa. Mimi niko na saiba hapa Kahawa West, nataipu, naprinti, natoa kopi, nabaindi, na msimu wa projekti, zile kazi za utafiti za kumalizia chuo, ukifika nafunga saa sita za usiku. Nimesoma projekti nyingi kuliko wasimamizi wengine na sijigambi, ni vile tu printa ikikwama unabaki umeshika karatasi na macho hayana kazi ingine.

Sasa hii miaka ya karibuni kuna mada moja imependwa sana. Wa jiografia wanaifanya, wa kilimo wanaifanya, wa maendeleo ya jamii ndio usiseme, hata wa biashara wanaipenyeza mahali: vile familia za mashambani zinaumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Utaona Kitui, Makueni, Tharaka, Kajiado, Turkana. Mimi nyumbani ni Kitui upande wa Mutomo, nimeolewa huko, kwa hivyo hizo za Kitui huwa nazisoma polepole. Na chenye nataka kusema ni kwamba wengi wa hawa watoto hawajafika huko wanakoandika, na AI si ndio iliwafundisha huo mchezo, imewarahisishia tu, kwa hivyo tukipigana na AI peke yake tutashinda na hizo projekti zitabaki za uongo vile vile.

Wacha nitoe mfano. Kuna moja nilibaindi si kitambo, jalada gumu la bluu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Ndani ni Kiingereza safi mpaka unaogopa kuigusa. Halafu kwa sura ya pili inasema wakulima wa Kitui wanategemea zaidi mvua ndefu za Machi hadi Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Desemba ni za kuongezea. Nikasimamisha mashine. Mtu yeyote amekulia Ukambani anajua mvua yetu ni ile ya Oktoba mpaka Desemba, hiyo ndio watu wanapanda wakiwa na imani, ya Machi huja ikitaka na wengi huipandia sehemu tu ya shamba, ama pojo peke yake kujaribu bahati. Hiyo ya kusema mvua ndefu ndio msimu mkubwa ni ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huko, na kwa vile vitabu vingi vinaongea juu ya Kenya kama shamba moja, mashine ilichukua ile iliyo kwa vitabu vingi ikaipaka Kitui. Nikamwambia mwenye kazi, kijana mpole kabisa, akaniambia, "Anti, sapavaiza ashapitisha, wewe printi tu." Nikaprinti, ni kazi yake na ni pesa yake.

Lakini msimu ukishaukosea umekosea karibu kila kitu. Miezi ya njaa itakuwa mingine, mbegu zitatakiwa wakati mwingine, mtoto atakosa karo mwezi mwingine. Na hizo projekti hazikai kwa kabati siku hizi, vyuo vinaziweka kwa maktaba za mtandaoni, mtu wa mwaka ujao anazitaja kama ushahidi, na hizo AI zenyewe zinafunzwa kwa maandishi ya mtandaoni kama hayo hayo. Yaani uongo wa mashine unapewa jalada gumu, unapewa namba ya maktaba, halafu mashine inausoma tena ikidhani ni Kitui imejieleza. Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa AI unaoenda mpaka 2030, na data ni moja ya nguzo zake kubwa. Sawa. Hiyo data ya Mutomo itatoka kwa nani?

Hizi projekti karibu zote zinatumia ile njia ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, vile waliiweka kwa ripoti ya 2007. Familia inaangaliwa vitu vitatu: hatari inaifikia kiasi gani, ikifika inaumia kiasi gani, na familia yenyewe iko na uwezo gani wa kujipanga. Mimi sina shida na hiyo njia, ni akili nzuri. Chukua boma mbili za kwetu zilizotenganishwa na ua wa miiba tu. Mvua ikikosa imekosa zote mbili, hapo ziko sawa. Lakini boma ya kwanza imepanda mahindi matupu, yale ya kutaka mvua miezi mingi, na maji wanachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, punda mmoja mitungi minne ya lita 20, na kila wiki shimo linaenda chini zaidi mpaka anayechota anaingia mzima. Boma ya pili iko na mtama, pojo, mbaazi, na mahindi kidogo ya Katumani yale yanawahi kukomaa, matuta yalichimbwa na kikundi cha mwethya, ule wa majirani kusaidiana kazi, mto wao umewekewa lile bwawa la mchanga kwa hivyo maji yanabaki chini hata juu kukiwa kumekauka, halafu kuna kijana wao Nairobi anatuma M-Pesa. Ukame ni mmoja. Boma moja itauza mbuzi wawili, ile ingine itamaliza mbuzi kisha iuze punda, na ukishauza punda maji yanabebwa na mgongo wa nani? Wa mama na wa msichana wa darasa la saba.

Hayo ya jumla AI itakuandikia vizuri kuliko mimi. Lakini haijui boma gani ni gani, na haijui kwa nini, na projekti ya kupima familia kama haijui hilo basi haijapima familia.

Hata wale wachache huwa wanaenda, mara nyingi hojaji imeandikwa Nairobi na inajulikana imeandikwa Nairobi. Kuna siku nilikuwa nyumbani, akaja kijana mmoja na karatasi zake, amevaa kiatu cheupe, mama mkwe akamwekea kiti chini ya mwembe. Swali: mapato yako kwa mwezi ni shilingi ngapi, chini ya 5,000, kati ya 5,000 na 10,000, ama zaidi ya 10,000? Mama mkwe akamuuliza, "Mwezi gani, mwanangu?" Kijana akaangalia karatasi. Manake kuna mwezi wa kuvuna pojo, kuna mwezi ule wa kuuza mbuzi karo ikifika, kuna miezi hakuna kitu kabisa isipokuwa kile sisi tumetuma. Kijana akaweka alama kwa kisanduku cha kwanza akaenda swali lingine: kichwa cha nyumba ni mwanamume ama mwanamke? Mama mkwe akasema mwanamume, ndio heshima, na huyo mwanamume alikuwa Nairobi miaka yote hiyo akilinda geti la watu, hajui hata mbuzi wako wangapi. Nikamsaidia kijana kidogo. Kusema ukweli nilimpenda, alikuwa amekuja, alitembea kutoka barabarani mpaka kwetu na jua lile. Mtu kama huyo ukimpa swali zuri anarudi na kitu.

Sasa hapo kwa saiba kuna benchi, na hao watoto wakingoja foleni huwa tunapiga stori, kwa hivyo maoni yao juu ya AI nimeyasikia bila kamati. Hawasemi kitu kimoja. Kuna msichana wa mwaka wa tatu aliniambia hiyo AI ndio mwalimu wa kwanza hajawahi kumwambia hilo swali ni la fomu two. Darasa lao liko na mamia ya wanafunzi kwa ukumbi mmoja, somo la takwimu, lekchara anaongea na ubao, ukiinua mkono watu wote wanageuka kukuangalia. Usiku anapiga picha ile jedwali anaiuliza hii namba inamaanisha nini, asiposhika anaiuliza tena kwa Kiswahili, na inamjibu kwa Kiswahili. Huyo utamwambia aache? Mimi sitamwambia.

Kuna mwingine wa ualimu yeye inamtia hofu, anasema nitaenda kufundisha na mimi mwenyewe sijawahi kumaliza insha bila kusaidiwa, nitasahihisha za watoto na akili gani. Wengi zaidi ni wale wa kusema kila mtu anatumia, mimi nikikaa na ushamba wangu natoka na C wao wanatoka na A. Na kuna wale wako na uchungu. Mmoja alikataliwa kazi yake, ameandika mwenyewe mimi nikimwona, alikuwa anakuja kutaipu hapo hapo kwa kompyuta yangu ya pili kwa sababu hana laptopu, halafu programu ya kunusa AI ikasema ni ya mashine. Kosa lake ni kuandika Kiingereza cha shule, kile tulichapwa mpaka tukakijua, sentensi zimenyooka na kila aya inaanza na neno la kuunganisha. Hizo programu zina historia mbaya kwa jambo hilo. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walizipima saba wakitumia insha za TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zilisemekana ni za mashine na ziliandikwa na watu. OpenAI yenyewe, wenye ChatGPT, walikuwa na chombo chao cha kunusa na wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa kinapata sawasawa. Sasa kama mwenye mashine ameshindwa kuijua sauti ya mashine yake, mhadhiri anamfukuzisha mtoto wa watu kwa ushahidi gani?

Na tusijifanye wizi wa kazi za shule ulizaliwa na ChatGPT. Ilitoka 30 Novemba 2022, na kabla ya hapo hii Nairobi ilikuwa imejaa vijana wa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha kwa pesa, wengine walilipa nyumba na kununua magari na hiyo kazi, wakati fulani nusu ya wateja wangu wa usiku walikuwa hao. AI ilipokuja ndio ikawamaliza, mashine ilichukua kazi ya wizi kutoka kwa binadamu. Na hizi projekti za ukame kabla ya AI zilikuwa zinapikwa vipi? Hapo hapo kwa benchi yangu, komredi watatu na hojaji mia, biro nyeusi, biro bluu na penseli ili zionekane zimejazwa na watu tofauti, mmoja anasema huyu tumfanye mjane, huyu tumpe ekari mbili. Walikuwa wanacheka. Siku hizi hawahitaji biro, wanaiambia tu mashine itengeneze majibu ya familia mia za Kitui na inatoa jedwali lote, asilimia zimekaa vizuri, hakuna familia imekataa kujibu, hakuna mzee amelewa, hakuna mama ametoka katikati ya maswali kufuata mbuzi. Ukiona data ya kijijini haina mtu aliyekataa kujibu, shuku.

Kitu kingine ni marejeo. Kuna kazi niliona imetaja makala ya jarida juu ya ukame wa Ukambani, nikaitaka kwa ajili yangu mwenyewe, manake ni kwetu. Jarida lipo. Mwaka upo. Ile makala haipo popote, imetungwa. Mwenye kazi hakujua na sidhani alikuwa mwongo, alidhani mashine ikikupa jina na mwaka basi imesoma.

Kwa nini hawaendi? Nauli, Mhariri. Ni hiyo tu na tunaizunguka. Mtoto wa kutegemea mkopo wa HELB, na pesa ikichelewa, utamwambia aende Mutomo ama Kibwezi, alale siku kadhaa, akule, apande bodaboda kutoka boma moja mpaka nyingine, atoe kopi za hojaji, na sapavaiza anataka sura ya nne mwisho wa mwezi? Chuo kinamlipisha karo ya projekti na hakimpi hata shilingi ya basi. Halafu tunashangaa amekaa hosteli akauliza simu.

Na hata hiyo simu haiko sawa kwa wote. Sensa ya 2019 ilionyesha Wakenya wanaotumia intaneti ni asilimia 22.6 tu, na mashambani ni chini ya hapo. Najua tangu hapo wameongezeka, lakini mwanafunzi akifunga chuo akienda kwao anarudi kutafuta netiwaki juu ya kilima na bando ya shilingi 20. Wale wa pesa wananunua ile ChatGPT Plus ya kulipia, dola 20 kwa mwezi, hiyo ni karibu 2,600 za kwetu. Linganisha na hii: ule mpango wa serikali wa kusaidia familia zenye njaa kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera umekuwa ukilipa boma moja shilingi 5,400 kila miezi miwili, yaani 2,700 kwa mwezi. Chombo kimoja cha mwanafunzi kuandikia juu ya njaa kinamaliza karibu pesa yote ya mwenye njaa. Sisemi asinunue. Nasema tu tujue tunaongea juu ya nini tukisema AI ni ya kila mtu.

Lakini kitu kiliniuma zaidi ni msichana wa Tharaka. Alikuwa amekaa hapo na simu, anaiandikia ChatGPT, kwa Kiingereza, athari za ukame kwa familia za mashambani ni zipi. Nikamuuliza wewe ni wa wapi, akasema. Nikamuuliza 2022 mlikuwa mnakula nini. Mnakumbuka huo wakati, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo Pembe ya Afrika, ukame mbaya zaidi kwa miaka 40, hapa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa na watu zaidi ya milioni 4 wakahitaji chakula cha msaada. Msichana akaanza kuniambia bila kupumua: walianza kuuza mbuzi wa kiume, wakauza wa kike, bei ikashuka mpaka mbuzi hakununulii hata debe la mahindi, baba akaenda kuchoma makaa, dada yake mdogo akatolewa shule na yeye akaachwa kwa sababu alikuwa karibu na mtihani, mama akawa anakula mara moja na kusema hana njaa. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño na mafuriko yakaendelea mpaka 2024, ule mwaka wa Mai Mahiu, 29 Aprili maji yaliyozibana nyuma ya tuta la reli yakapasuka usiku yakabeba watu na nyumba, na shule nchi nzima zikangoja mpaka 13 Mei kufunguliwa. Kwao huyo msichana ni shamba lililobebwa udongo wa juu, baada ya kungoja mvua miaka yote hiyo. Nikamwambia, "Mama, si uandike hayo?" Akaniangalia hivi. "Anti, hiyo si data, hiyo ni stori ya nyumbani."

Nani alimfundisha hivyo? Si AI, ni sisi na shule zetu. Yale yote aliniambia yako kwa zile hesabu za wakubwa. NDMA, ile mamlaka ya kudhibiti ukame, inatoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, na wanachopima ni hicho hicho: mbuzi mmoja anabadilishwa na mahindi kilo ngapi, maji yako umbali gani, maziwa yanapatikana kiasi gani, mkono wa mtoto uko na unene gani ukizungushiwa ule mkanda. Wanauliza familia zile zile, mwezi baada ya mwezi, halafu wanasema kaunti iko kawaida, ama tahadhari, ama hatari, ama dharura, ama inapata nafuu. Hizo taarifa ziko bure mtandaoni na sijawahi kuona hata projekti moja ya undagradi imezitumia vizuri. Huyo msichana alikuwa na jedwali ya NDMA kichwani mwake bila kujua. Angechukua hizo taarifa za Tharaka Nithi za 2021 na 2022, aweke kando na vile mamake anakumbuka mwezi kwa mwezi, na majirani wachache tu, afadhali hata kumi wa kweli, hapo AI imsaidie kupanga jedwali na kunyoosha Kiingereza, na aseme wazi kwa ukurasa wa kwanza imemsaidia nini. Hiyo ni projekti. Hiyo ningeisoma hata printa isikwame.

Kuna maarifa mengine hata hayajaandikwa kwa hivyo mashine haina mahali pa kuyaokota. Wale wazee wa Nganyi kule Bunyore, watabiri wa mvua, idara ya hali ya hewa ilikaa nao chini wakalinganisha utabiri wao na ule wa setilaiti, na kwa kaunti nyingi siku hizi kabla msimu uanze kuna mikutano ya wakulima, wazee na watu wa idara kujadili mvua itakuwaje. Ilibidi mtu atoke ofisini. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kwa hivyo mimi naomba wahadhiri wanaosoma gazeti hili mambo ya kawaida tu. Projekti ya mashambani iwe na nauli ndani yake, hata kama ni kupunguza ile karo ya projekti. Msiwape watoto wa Kitui kuandika Turkana na wa Turkana kuandika Makueni kwa sababu mada zimeisha, mwacheni mtu aandike kwao, Agosti akifunga yuko huko tayari, nauli ni ile angelipa tu. Itisheni hojaji zenyewe, zile karatasi zenye vumbi na alama ya chai, msiitishe jedwali peke yake. Siku ya kutetea kazi mwulizeni huyu mtu mlima ulioko mbele ya hicho kijiji unaitwa aje, maji wanatoa wapi, soko ni siku gani. Aliyefika atajibu akicheka, aliyetumia simu mtamwona. Programu za kunusa mziweke kando, zitawaonea wale wanaoandika vizuri.

Na wakishamaliza warudi. Watu wa kwetu wamechoka kuulizwa, wanasema hawa wanakuja na biro wanaenda na majibu, mwaka mwingine anakuja mwingine anauliza maswali yale yale. Baraza ya chifu huwa ipo, dakika chache zinatosha mtoto asimame aseme nilikuta hivi na hivi, na wazee wamrekebishe alipokosea, huko watarekebisha bila huruma. Naona hapo ndio hiyo kazi ingesahihishwa vizuri kuliko kwa ofisi yoyote.

Mimi kwa upande wangu, mwanafunzi yeyote anayeenda mashambani kweli namtolea kopi za hojaji kwa bei ya karatasi peke yake, wino ni wangu. Aje tu na barua ya idara na tiketi ya basi, na kama anaenda upande wa Mutomo aniambie mapema niko na mzigo wa mama mkwe.

Mwenye saiba,
Kahawa West, Nairobi